Ishara Iliyokwama Katika Damu

Katika miji midogo iliyo kando ya reli, tangu Tabora hata Shinyanga, na katika machimbo ya dhahabu yaliyotapakaa kuanzia Kakola mpaka Geita, uko ugonjwa mmoja unaoua watu taratibu, na wengi wauita kwa jina lisilo lake. Mtu mzima, mwenye nguvu za kupakia na kupakua, huanza kuona tumbo lake limejaa upande wa kushoto, chini ya mbavu. Hula matonge mawili akashiba. Usiku hutokwa na jasho mpaka shuka ikalowa, mwili hukonda, na kazi aliyokuwa akiifanya kwa wimbo sasa huifanya kwa kuhema. Wenzake husema ni malaria ya muda mrefu. Wengine husema kichocho. Na wapo wasemao kuwa amerogwa. Ni kweli kwamba malaria na kichocho huvimbisha bandama, na kwa watu wa nchi ya ziwa na mbuga kama sisi si ajabu hata kidogo kudhani hivyo. Lakini wamo miongoni mwa wagonjwa hao ambao bandama yao imevimba kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni saratani ya damu, ile ambayo madaktari huiita lukemia sugu ya mailoidi.

Hatuandiki habari za ugonjwa huu kwa kudhani kuwa ndio unaoua watu wengi kuliko saratani zote. Sivyo. Saratani ya shingo ya kizazi huwachukua mama zetu wengi zaidi, na ndiyo maana tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikiwachanja wasichana nchi nzima. Twaandika habari za lukemia hii kwa sababu ndiyo saratani ya kwanza ambayo wataalamu walionyesha kasoro yake maalumu ndani ya chembe, wakaifuata kasoro hiyo hatua kwa hatua mpaka wakatengeneza kidonge cha kuizuia yenyewe. Tena kidonge hicho kimo nchini mwetu, nacho kimekuwa kikitolewa bila malipo, hali baadhi ya wanaokihitaji hawana habari nacho, na baadhi ya waliokipata wamekiacha njiani. Jambo la namna hiyo haliwezi kuachiwa madaktari peke yao.

Mfanyakazi wa reli hahitaji kufundishwa maana ya ishara. Pale Isaka, ambapo makontena hushushwa katika mabehewa na kupandishwa malori yaendayo Rwanda na Burundi, treni huingia na kutoka kwa ishara: ikiwa nyekundu dereva husimama, ikiwa ya kijani hupita. Hatari kubwa ni taa iliyokwama katika kijani, isiyorudi nyekundu hata kama treni nyingine iko mbele. Mwili wa binadamu nao umejengwa hivyo. Kila chembe ya mwili hungoja amri: gawanyika, tulia, komaa, ufe. Amri hizo hupokezanwa ndani ya chembe kutoka protini moja hadi nyingine, kama matofali yapitavyo mikononi mwa watu wajengao shule kwa kujitolea.

Wapokezaji wakuu wa amri hizo ni vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kazi ya kinasi ni ndogo kwa kuitazama: huchukua kipande cha fosfeti kutoka katika ATP, ambayo ndiyo akiba ya nguvu ya kila chembe, na kukibandika juu ya protini nyingine. Mara nyingi protini iliyobandikwa huamka na kufanya kazi. Kipande kikibanduliwa, hulala tena. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliligundua jambo hili mwaka 1955 huko Seattle, Marekani, walipokuwa wakichunguza jinsi misuli ipatavyo nguvu, wala hawakuwa na nia ya kutafuta dawa ya saratani. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, miaka 37 baadaye. Mwaka 2002 wataalamu walihesabu aina za kinasi zilizomo katika mwili wa binadamu wakapata 518. Ndugu msomaji aikumbuke hesabu hiyo, maana ndiyo iliyowatia hofu watengenezaji wa dawa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona katika damu ya wagonjwa wa lukemia hii kromosomu moja iliyokuwa fupi isivyo kawaida. Kromosomu ni mfano wa vitabu vya maagizo vilivyomo ndani ya kila chembe, na binadamu anavyo 46. Kwa miaka 13 watu wakadhani kuwa kipande kilichokatika kimepotea. Mwaka 1973 Bibi Janet Rowley wa Chicago, aliyekuwa akizipanga picha za kromosomu juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, aliona kuwa hakuna kilichopotea: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Ni kana kwamba ukurasa wa kitabu kimoja umechanwa na kushonwa ndani ya kitabu kingine. Katika miaka ya 1980 ikajulikana kwamba pale mahali pa mshono jeni mbili, ABL na BCR, zimeungana zikawa moja, na jeni hiyo mpya hutengeneza kinasi isiyolala. ABL ya kawaida huamka ikaitwa, ikamaliza kazi, ikalala. Hii iliyoshonwa yatoa amri ya kugawanyika usiku na mchana. Hiyo ndiyo taa yetu iliyokwama katika kijani. Mwaka 1990 jeni hiyo ilipotiwa katika uboho wa panya, panya wakaugua ugonjwa wa namna hiyo hiyo, na shaka ikaondoka.

Yafaa tuseme hapa jambo moja kwa sauti. Kasoro hii hutokea katika chembe moja ya uboho wa mtu baada ya kuzaliwa. Hairithiwi kwa baba wala kwa mama, wala haiambukizwi kwa kula sahani moja au kulala chumba kimoja. Kinachojulikana kwa hakika kuwa huongeza hatari yake ni mionzi mikali, kama ile iliyowapata watu wa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Lakini kwa wagonjwa walio wengi hakuna sababu iliyoonekana. Kwa hiyo anayemfukuza ndugu yake nyumbani, au kumtafutia mchawi wa kumlaumu, afanya dhuluma bure.

Zamani matibabu yalikuwa ya kupunguza tu. Busulfani na haidroksiyurea ziliteremsha idadi ya chembe nyeupe, lakini hazikugusa chanzo. Intaferoni, sindano ya kila siku, iliwasaidia wachache na kuwalaza wengi kwa homa na uchovu. Kupandikiza uboho kuliweza kuponya, ila kwahitaji mtu wa kutoa uboho unaolingana, hospitali kubwa na fedha nyingi, na wengine hufa kwa matibabu yenyewe. Baada ya kugundulika, wagonjwa wengi waliishi miaka mitatu hadi sita tu. Ugonjwa hutulia kwanza kwa miaka kadhaa, kisha huchacha. Na ukishachacha huua katika miezi.

Baada ya chanzo kujulikana, mtu atauliza: kwa nini haikutengenezwa dawa mara moja? Ndipo hesabu ile ya 518 inapoingia. Kinasi zote hutumia ATP ile ile, na kila moja ina kijishimo cha kuipokea, navyo vijishimo hivyo vyafanana sana. Dawa ya kuziba kijishimo kimoja yaweza kuviziba vyote, ikazima taa zote za stesheni badala ya ile moja iliyoharibika. Ilikuwapo kemikali moja ya asili, staurosporini, iliyozuia kinasi kwa nguvu sana, lakini haikuchagua. Iliua chembe nzuri na mbaya pamoja. Wataalamu wengi wenye sifa zao wakasema kwamba dawa ya kuchagua kinasi moja haitapatikana kamwe. Sisi hatuwacheki, kwa maana kwa elimu ya wakati ule walikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mjini Basel, Uswisi, katika kampuni ya Ciba-Geigy, kikundi cha akina Alex Matter, Nicholas Lydon, Jürg Zimmermann na Elisabeth Buchdunger hakikukubali. Walianza na kemikali iliyoweza kuzuia kinasi iitwayo PKC, wakawa wakiibadilisha kidogo kidogo kama fundi atengenezaye ufunguo kwa tupa: apunguza hapa, ajaribu, aongeza pale, ajaribu tena. Kipande kidogo cha kaboni moja na haidrojeni tatu, kilipowekwa pembeni, kiliufanya ufunguo ule usiweze tena kuingia katika PKC, na huku ukiendelea kuingia katika ABL. Kufuli zilizofanana sana zikaachana kwa sababu ya jino moja dogo! Kisha wakaunganisha mkia wa kuisaidia dawa iyeyuke majini, ili imezwe na kupita utumboni badala ya kudungwa mshipani. Mwaka 2000 picha za miale ya eksirei zilieleza siri nyingine: dawa hii huishika ABL ikiwa imelala, katika umbo ambalo kinasi nyingi hazilingani nalo, na kuizuia isiamke tena. Umbo la kuamka hufanana kwa zote. Umbo la kulala hutofautiana.

Hata hivyo tusiseme kwamba dawa hiyo yashika kinasi moja tu. Huzishika na nyingine chache, mojawapo ikiwa KIT, na jambo hilo, ambalo lingeweza kuitwa kasoro, likawa faida: mwaka 2002 dawa hiyo hiyo iliruhusiwa kwa uvimbe fulani wa saratani wa tumbo na utumbo unaoendeshwa na KIT iliyoharibika.

Brian Druker, daktari wa Portland katika jimbo la Oregon, ndiye aliyeichukua kemikali hiyo na kuijaribu juu ya chembe za wagonjwa. Mwaka 1996 yeye na wenzake walitangaza kwamba ilipunguza makundi ya chembe mbovu kwa asilimia 92 hadi 98 bila kuzidhuru sana chembe njema. Mwaka huo huo Ciba-Geigy iliungana na Sandoz zikawa Novartis, na katika kampuni mpya walikuwamo waliouliza: ugonjwa wenye wagonjwa wapya elfu chache kwa mwaka Marekani, utaleta faida gani? Mgonjwa wa kwanza alimeza dawa mwezi Juni 1998. Kati ya wagonjwa 54 ambao intaferoni ilikuwa imewashinda, na ambao walipewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 damu yao ilirudi katika hesabu ya kawaida. Hatujui dawa nyingine ya saratani ya siku zile iliyofanya hivyo.

Habari zikaenea kwa wagonjwa wenyewe, dawa ikawa haitoshi. Mwaka 1999 mgonjwa mmoja wa Montreal, Kanada, Suzan McNamara, aliandika ombi katika intaneti, wagonjwa na jamaa zao zaidi ya 3,000 wakatia saini, likapelekwa kwa mkuu wa Novartis, Daniel Vasella. Kampuni ikaongeza utengenezaji. Wafanyakazi wetu wajuao maana ya kutia saini kwa pamoja hawatashangaa. Tarehe 10 Mei 2001 Serikali ya Marekani iliiruhusu dawa hiyo, imatinibu, ambayo Novartis huiuza kwa jina la Glivec. Miaka kumi na zaidi baada ya uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 2000, asilimia 83 ya wagonjwa waliopangiwa kuanza na imatinibu walikadiriwa kuwa hai katika mwaka wa kumi.

Sasa tuseme juu ya bei, maana kwa mtu wa Isaka hilo ndilo swali la kwanza wala si la mwisho. Mwaka 2001 dozi ya mwaka mmoja ilikuwa karibu dola 26,000 huko Marekani, na kufika mwaka 2012 ilikuwa imepita dola 90,000, ingawa dawa ilikuwa ile ile. Mwaka 2013 mabingwa zaidi ya 100 wa ugonjwa huu waliandika kwa pamoja katika jarida la Blood kuilaumu bei hiyo. Tarehe 1 Aprili mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza, yaani haki ya peke yake ya kutengeneza dawa katika umbo walilolidai, na viwanda vya India vikaendelea kuitengeneza kwa bei ambayo ni sehemu ndogo sana ya ile ya Marekani. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitia imatinibu katika orodha ya dawa za lazima. Twaona kuwa bei ya kwanza ililipa gharama za uvumbuzi zamani sana, na kilichofuata kilikuwa tamaa. Lakini haki nayo isemwe: mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo, pamoja na shirika la The Max Foundation, ilianzisha mpango wa kuwapa dawa bure wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Shirika hilo liliasisiwa mwaka 1997 na Pat Garcia-Gonzalez, mama mzaliwa wa Argentina, kwa kumbukumbu ya mtoto wake wa kambo, Max, aliyekufa kwa lukemia hii hii mwaka 1991, miaka kumi kabla ya kidonge.

Kwa njia hiyo imatinibu ikafika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wagonjwa wa Tanzania wamekuwa wakiipata bila kulipia. Madaktari wa Muhimbili, miongoni mwao Profesa Lucio Luzzatto, Mwitaliano aliyepata kufanya kazi Ibadan kule Nigeria, walitangaza mwaka 2021 katika jarida la Blood Advances matokeo ya wagonjwa wa hapa nchini waliopimwa kwa kipimo cha jeni yenyewe. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Kipimo kimefanyika hapa, na kidonge kimefanya kazi katika miili ya watu wetu. Tena sisi ndio tunaokihitaji zaidi katika umri wa kazi, maana Ulaya wagonjwa wengi ni watu wa umri mkubwa zaidi, hali katika Afrika wengi huonekana wangali vijana au watu wa makamo, wenye watoto wa kusomesha.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika kilometa. Kutoka Isaka hata Dar es Salaam kwa reli ni karibu kilometa elfu moja. Mchimbaji mdogo anayelala karibu na duara lake, na asiye na mshahara wa mwezi, aambiwa: njoo uchukue dawa, urudi tena baada ya muda fulani, na tena, maisha yako yote. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya jijini, siku za kazi zilizopotea; hayo yote hayakuandikwa katika bei ya dawa ya bure. Mara ya kwanza ukoo humchangia. Mara ya pili huuza mbuzi. Mara ya tatu, kwa kuwa bandama imerudi na jasho limekoma na yeye mwenyewe ajiona mzima, husema moyoni kwamba amepona, akabaki kazini. Hapo ndipo hatari ilipo. Kidonge hakikuing'oa jeni iliyoshonwa vibaya. Kimeishika tu kinasi yake isiamke. Mkono ukiachia, taa yarudi kijani.

Kuna na hatari ya pili kwa mwenye kumeza leo akaacha kesho. Chembe mbovu zinazoendelea kugawanyika hubadilika, na baadhi hubadilisha kijishimo chenyewe ili ufunguo usiingie. Mwaka 2001 Charles Sawyers na wenzake walionyesha badiliko moja mashuhuri, ambapo tofali moja tu la protini ile, la 315, limebadilishwa na jingine, na imatinibu ikashindwa kabisa. Zikatengenezwa dawa nyingine: dasatinibu mwaka 2006, nilotinibu mwaka 2007, nazo zenye nguvu zaidi lakini hazikuliweza badiliko hilo. Ponatinibu iliyotoka mwaka 2012 iliweza, ila ilionekana kuleta damu kuganda katika mishipa, mpaka uuzaji wake Marekani ukasimamishwa kwa muda mwaka 2013. Asiminibu ya mwaka 2021 imepita njia nyingine: haigusi kijishimo cha ATP, bali huingia mlango wa nyuma wa ABL, mahali ambapo kinasi nyingine nyingi hazina mlango wa namna hiyo. Huo ndio uchaguzi wa kweli ambao wazee wa zamani walisema haupatikani. Kwa saratani nyingine nazo, kama ya mapafu iliyo na kinasi ya EGFR iliyoharibika, zimepatikana dawa za aina hii. Lakini nyingi za dawa hizo mpya ni ghali na si rahisi kuzipata kwetu, na kwa hiyo imatinibu tuliyo nayo yapasa ilindwe kwa kumezwa kila siku, kwa kawaida miligramu 400, pamoja na chakula na maji mengi. Macho yakivimba asubuhi au misuli ikikaza usiku, mgonjwa amwambie daktari. Asiache dawa kimya kimya. Na mama anayetaka kupata mtoto aseme mapema, kwa kuwa dawa hii yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Hapa twataka kuwaambia jambo wachimbaji, na tunaomba lisomwe mara mbili. Vumbi la mawe hudhuru mapafu, na mapafu yaliyodhurika hushikwa upesi na kifua kikuu. Habari hiyo yajulikana katika kila machimbo. Katika dawa za kifua kikuu imo rifampisini, ambayo hulifanya ini liichome imatinibu kwa haraka, hata zaidi ya theluthi mbili yake ikapotea kabla haijafanya kazi. Mtu aliye na magonjwa yote mawili anaweza kumeza vidonge vyake vyote kwa uaminifu, na lukemia ikamshinda. Zahanati ya kifua kikuu haiwezi kujua anachomeza mtu kutoka Dar es Salaam asipoonyesha. Aonyeshe karatasi zake zote kwa kila daktari.

Tukiwa bado katika kifua kikuu, tuitazame mashine. Iko mashine iitwayo GeneXpert ambayo imekuwa ikitumika nchini kwa miaka mingi kupima makohozi. Hutiwa katriji, yaani kikasha kidogo chenye dawa za kupimia, na baada ya saa chache hutoa jibu. Mashine hiyo hiyo, ikitiwa katriji ya aina nyingine, yaweza kupima katika damu kiasi cha ile jeni iliyoshonwa, BCR na ABL. Kwa hiyo kwa upande huu wa nchi si lazima kujenga jumba jipya wala kununua mtambo mwingine. Hospitali ya Bugando mjini Mwanza ina idara ya saratani na ndiyo hospitali kubwa ya Kanda ya Ziwa. Na reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2021, ina njia kuu ya kilometa 249 tu. Sisi twaona kwamba mgonjwa wa lukemia wa Isaka, Kahama au Geita aliyekwisha kutulia yapasa apimwe na kupewa vidonge vyake katika kanda yake, na safari ya Dar es Salaam ibaki kwa yule ambaye ugonjwa wake umebadilika. Wizara ikilitaka, jambo hili lahitaji katriji, watu wachache waliofundishwa, na utaratibu wa kusafirisha vidonge ambao bandari kavu yetu inaujua kuliko mahali pengi.

Waajiri nao wana sehemu yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara. Kuli, mlinzi au dereva aliyeajiriwa hana sababu ya kuificha safari yake ya kliniki kama mtu aliyeiba. Na msimamizi anayemtishia yafaa asomewe sheria hiyo. Kwa mchimbaji mdogo hakuna mwajiri wa kumsomea chochote. Kwake yeye tumaini limo katika Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, nasi tungependa kuona wenye maduara na vyama vya wachimbaji wakiandikisha watu wao badala ya kungoja waandikishwe.

Na kabla ya yote hayo kuna kipimo kimoja kidogo. Mtu ambaye bandama yake imevimba, na dawa za malaria hazimsaidii, aombe apimwe picha kamili ya damu. Kwa kawaida chembe nyeupe huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja; kwa mwenye lukemia hii mara nyingi hupita 100,000. Hicho si kipimo cha jijini. Mganga wa wilaya akiiona hesabu hiyo atajua la kufanya, na mgonjwa atakuwa ameokoa mwaka mzima wa kuhangaika kwa waganga wa njiani na wauza mizizi.

Imebaki habari moja inayowafurahisha wagonjwa wakiisikia, nasi twaieleza kwa tahadhari. Mwaka 2010 madaktari wa Ufaransa walitangaza kwamba waliwaachisha imatinibu wagonjwa 100 ambao kwa miaka miwili au zaidi jeni mbovu haikuonekana tena katika vipimo vyao. Baada ya mwaka mmoja, karibu wanne katika kila kumi walikuwa bado wazima bila dawa. Na wale ambao ugonjwa ulianza kurudi walipewa dawa tena ukatulia. Hayo yalifanyika kwa watu waliokuwa wakipimwa damu mara kwa mara, kabla ya kuacha na baada ya kuacha. Daktari hatamwachisha mtu kidonge kwa kubahatisha. Hutaka kwanza kuona matokeo ya miaka kadhaa yaliyoandikwa, na mgonjwa ambaye damu yake haikupimwa tangu alipoanza dawa hana matokeo ya kuonyesha.